Jinsi ya kupeleka jambo lako baraza la mji mpaka lifike mwisho

Nianze na aibu yangu. Mara ya kwanza kwenda kikao cha baraza la mji nilikuwa nimeandika hotuba, kurasa mbili, nimefanya mazoezi mbele ya kioo kabisa. Ishu ilikuwa mtaro wa maji ya mvua uliokuwa umeziba, mvua ikinyesha kidogo tu mtaa mzima unageuka mto. Nikakaa kiti cha nyuma nasubiri. Mwenyekiti akasema "ajenda namba 4 mpaka 11, kuna pingamizi? Hakuna. Zimepita," akagonga meza wakaendelea na mengine. Mi nikakaa zaidi ya saa nzima nasubiri mtaro wangu, kumbe ulikuwa humohumo kwenye 4 mpaka 11. Namba 7, ratiba ya usafi wa mitaro kwa mwaka mzima, na mtaa wetu haumo. Sekunde kumi hazikufika.

Toka siku hiyo nikaelewa kwamba kikao cha baraza ni pale jambo linapogongwa muhuri, sio pale linapopikwa. Linapikwa wiki na miezi kabla, kwenye ofisi za watumishi, kwenye kamati, kwenye rasimu ya bajeti. Ukifika wakati sahani ziko mezani huwezi tena kuomba chumvi ipunguzwe. Kwahiyo mwongozo huu hauanzi na jinsi ya kuhutubia, hiyo iko huku mwishoni na wala sio ndefu.

Hatua ya 1: Hakikisha jambo lenyewe ni la baraza

Hapa ndo watu wengi wanapoteza miezi. Mtu anamfuata diwani kuhusu maji au umeme, diwani anamsikiliza vizuri tu anatikisa kichwa, alafu mwisho anaambiwa hilo sio letu ni la shirika fulani au serikali ya juu. Mambo ya baraza la mji mdogo mara nyingi ni yale ya karibu na mguu: takataka, mitaro, taa za mitaani, masoko, bustani, makaburi, leseni za biashara, vibali vya ujenzi, sheria ndogo za kelele na mifugo na mabango. Ila kila nchi inagawa kivyake, na hata barabara hazifanani, ile kubwa inayokatiza katikati ya mji unaweza kukuta ni ya serikali kuu, kwahiyo shimo lililopo mbele ya mlango wa ofisi ya baraza lenyewe sio la baraza. Inachekesha lakini ndo hivo.

Njia ya haraka ya kujua ni kufuata hela. Chukua bajeti ya mji ya mwaka uliopita, tafuta kama kuna fungu la hicho kitu. Likiwepo ni lao. Lisipokuwepo uliza linalipwa na nani, alafu nenda huko.

Hatua ya 2: Kama ni kazi ya fundi usiipeleke kwa madiwani

Taa moja imeungua, kifuniko cha chemba kimeibiwa, takataka hazijazolewa wiki hii, hayo hayahitaji kura ya mtu yeyote. Unatoa taarifa idara husika, unapewa namba ya kumbukumbu, unasubiri. Uingereza kuna tovuti inaitwa FixMyStreet iko toka 2007, unaweka alama kwenye ramani pale penye shimo na taarifa inaenda yenyewe kwa baraza linalohusika, na nchi nyingine zina vitu vinavyofanana na hivyo. Kama kwenu hakuna basi simu, barua pepe au barua ya mkono, ila usiondoke dirishani bila namba ya kumbukumbu au kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mazungumzo ya mdomo na injinia njiani hayahesabiki hata kama mlicheka sana.

Utajuaje jambo limetoka kwa fundi limeingia kwenye siasa? Ni siku utakayojibiwa "hakuna fungu." Mimi nilijibiwa hivyo mara ya tatu nilipoandika kuhusu mtaro. Mwanzoni nilikasirika, baadae nikagundua lile jibu ni zawadi, maana sasa unajua kwamba tatizo sio uvivu wa mtu, tatizo ni kwamba mtaa wako haumo kwenye karatasi fulani, na hiyo karatasi kuna watu wanaipitisha kwa kura. Tunza hilo jibu.

Hatua ya 3: Jua nani anafanya nini

Kwa kifupi madiwani wanaamua na watumishi wanatekeleza, ila cheo kisikudanganye. Kuna miji ambayo meya ndo bosi hasa, na kuna miji ambayo meya kazi yake ni kuongoza kikao na kukata utepe basi. Ufaransa kwa mfano meya anachaguliwa na madiwani wenyewe kutoka miongoni mwao, na akishachaguliwa ana nguvu kubwa. Marekani miji midogo mingi inaajiri meneja wa mji ambaye sio mwanasiasa, anaendesha shughuli za kila siku na baraza linaweza kumfukuza, mtindo ambao mji wa Staunton kule Virginia ulishauanza 1908. Kwahiyo swali la kuuliza ni "nani anasaini?" na sio "nani mkubwa?"

Na kuna mtu mmoja ambaye watu wanampita kama hawamuoni, karani wa baraza. Yeye ndo anapanga ajenda, anatunza mihtasari, anajua kamati ipi inakaa lini na mwisho wa kupokea barua ni lini. Hana kura, lakini akikwambia "leta kabla ya ijumaa saa sita" amekuokoa mwezi mzima. Mheshimu huyu mtu. Usimpigie simu umewaka, hajaziba mtaro yeye.

Hatua ya 4: Jifunze kusoma ajenda

Hii hatua nitakaa nayo kidogo.

Sehemu nyingi sheria inataka ajenda itangazwe kabla ya kikao, na muda unatofautiana. California, kwa sheria ya 1953 inayoitwa Brown Act, kikao cha kawaida lazima ajenda ibandikwe saa 72 kabla, na kitu ambacho hakimo kwenye ajenda baraza haliruhusiwi kukiamulia, isipokuwa kwa sababu chache maalum. Uingereza mabaraza madogo ya parishi (sio ya kanisa, ni ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa) yanatakiwa kutoa notisi ya siku tatu kamili, makubwa siku tano, na siku ya kutoa notisi na siku ya kikao zenyewe hazihesabiwi. Sasa piga hesabu. Ajenda ikishabandikwa imeshafungwa, na ili jambo lako liwemo lazima lilifika kwa karani siku nyingi kabla, na ili lifike na ripoti ya mtaalamu lazima injinia aliambiwa wiki kadhaa kabla ya hapo. Ndo maana mtu anayesimama usiku wa kikao na kusema "naomba leo mtuamulie" anaonekana kama mgeni, hata kama ana haki asilimia mia.

Ukishaipata ajenda usianze juu kwenda chini. Kwanza tafuta lile fungu la mambo yanayopitishwa kwa mkupuo, yale ambayo yanahesabiwa hayana ubishi kwahiyo yanapigiwa kura moja kwa pamoja. Nia yenyewe sio mbaya, bila hivyo kikao kingeisha alfajiri, ila humo ndani ndo mtaro wangu ulizikwa. Kwa kawaida diwani yeyote anaweza kuomba namba moja itolewe kwenye mkupuo ijadiliwe peke yake, mmoja tu anatosha, na anaomba kabla ya kura, sio baada. Kwahiyo ukiona jambo lako limo humo mpigie diwani wako siku moja kabla umwambie namba yake. Mwambie namba, usimwambie "lile jambo la mitaro", ana makaratasi 200 mezani.

Alafu nenda kwenye viambatisho. Ajenda itasema "Ripoti ya Injinia" mistari miwili, kiambatisho kina kurasa 15. Mimi kila ripoti naanzia mwisho, pale penye mapendekezo na athari za kifedha, kwasababu huko juu kote ni maelezo na salamu. Pendekezo likishaandikwa na mtumishi mara nyingi ndo hilohilo linalopita, madiwani wengi ni watu wana kazi zao nyingine mchana, wanasoma makaratasi usiku wamechoka kama wewe. Kwahiyo vita yako iko kwenye ile sentensi ya pendekezo. Ukiweza kuongea na mtumishi kabla hajaiandika, umeshinda nusu ya safari.

Sehemu ya faragha utaiona pia, kesi za mahakamani, masuala ya wafanyakazi, mazungumzo ya kununua ardhi. Hapo utaambiwa utoke nje. Toka tu, ila angalia kama wametaja sababu, sehemu nyingi hawaruhusiwi kufunga mlango bila kusema ni kwanini.

Hatua ya 5: Nenda kwenye kamati

Baraza likiwa na kamati (za kazi, fedha, mipango miji, majina yanabadilika) basi huko ndo jikoni. Chumba kidogo, madiwani wachache, injinia yupo na ramani yake, hakuna mwandishi wa habari kwahiyo hakuna wa kumuonyesha ukali. Mara ya pili nilienda huko badala ya kikao kikubwa. Wananchi tulikuwa wawili, mimi na mzee mmoja ambaye nadhani alifuata kiyoyozi.

Nikauliza swali moja tu, hii mitaa iliyoko kwenye ratiba ya usafi mnaichaguaje? Injinia akajibu bila hata kufikiri, tunaangalia idadi ya malalamiko yaliyosajiliwa kwa mwaka. Akafungua kompyuta, mtaa wetu una malalamiko mawili. Mawili! Yote yangu, barua yangu ya tatu walishaihesabu kama mwendelezo. Mtaa mzima tunalalamika kila mvua, tunalalamikiana sisi kwa sisi na kwenye magrupu ya simu, na hakuna hata moja lililoingia kwenye ile kompyuta.

Lile swali moja lilifanya kazi kuliko zile kurasa zangu mbili. Kwahiyo usiende kamati kulalamika, nenda kuuliza kigezo. Kila orodha ina kigezo, iwe cha malalamiko au idadi ya watu au ajali au shule iliyo karibu, na ukishakijua unajua kazi ya kwenda kufanya nyumbani. Sisi tulirudi tukakubaliana kila nyumba itume taarifa yake yenyewe, kwa maneno yake, na picha yenye tarehe. Nasisitiza kwa maneno yake. Barua 40 zilizonakiliwa neno kwa neno anayezisoma anaona barua moja, ila ukimpa kumi za watu tofauti, mmoja anasema maji yameingia chumba cha mtoto mwingine anasema ameshindwa kumtoa mgonjwa, hizo zinasomwa.

Hatua ya 6: Lenga msimu wa bajeti na omba kitu kidogo

Mwaka wa fedha wa mabaraza Uingereza unaanza tarehe 1 Aprili, miji mingi ya Marekani tarehe 1 Julai, wewe tafuta wa kwenu alafu rudi nyuma kama miezi mitano au sita, hapo ndo idara zinaandika maombi yao. Huo ndo muda wa kupiga hodi. Mkutano wa wazi wa bajeti unaotangazwa mwishoni nenda, ni vizuri, ila mara nyingi hela zimeshakaa kwenye mafungu na kinachobaki ni kusogezasogeza pembeni. Kuna sehemu wameamua kugeuza huo utaratibu, mji wa Porto Alegre kule Brazil ulianza 1989 kuwaita wakazi wenyewe wapange vipaumbele vya uwekezaji mapema, na miji mingi duniani ikaiga. Kama mji wenu una kitu cha namna hiyo kitumie, hata kama fungu lenyewe dogo.

Alafu jua tofauti ya matumizi ya kawaida na miradi ya maendeleo. Kujenga mtaro mpya ni mradi, unahitaji michoro, zabuni, pengine mkopo. Kusafisha uliopo ni matumizi ya kawaida, kuna watu na majembe na gari tayari. Mimi mwanzoni nilikuwa naomba mtaro mpya, na kila mtu alikuwa ananikubalia kwa maneno na hakuna kitu kinatokea. Nilipobadilisha nikaomba mtaa uingizwe kwenye ratiba ya usafi mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na baada, ghafla mazungumzo yakawa ya kawaida kabisa.

Hatua ya 7: Tafuta mtoa hoja na wa kumuunga mkono

Mwananchi huwezi kuleta hoja, diwani ndo analeta, na kanuni za vikao vingi zinataka mwingine aiunge mkono la sivyo inakufa palepale bila hata kujadiliwa. Kwahiyo diwani wako mmoja hatoshi. Hesabu: baraza lina madiwani wangapi, akidi (idadi ya chini inayotakiwa ili kikao kiwe halali) ni wangapi, wingi ni wangapi. Kwenye baraza la watu saba unahitaji wanne wakiwepo wote, na ukishakuwa na wawili wa uhakika unatafuta wawili tu, sio jeshi.

Mpe kila mmoja karatasi moja. Moja! Unachoomba kwenye mstari wa kwanza, kigezo ambacho mtaa wenu umekifikia, gharama kama injinia ameshaitaja, picha mbili. Na usimshtukize diwani wako mbele za watu, ukimuaibisha leo kesho hachukui simu yako, na bado unamhitaji miaka kadhaa.

Kuhusu hizi kanuni za hoja zinazoonekana za kuchosha, kuna hadithi naipenda. Henry Martyn Robert, injinia wa jeshi la Marekani, aliombwa kuongoza mkutano kanisani 1863, hakujua aanzie wapi na mkutano ukawa vurugu. Akaapa hataongoza tena mkutano bila kujua taratibu, akasoma, na 1876 akachapisha kanuni zake ambazo mabaraza na vyama vingi Marekani wanazitumia mpaka leo. Yaani zile "naomba kuunga mkono hoja" unazozisikia zilipata mpangilio kutokana na mtu aliyeaibika kama mimi na mtaro wangu. Kanuni za kudumu za baraza lenu muombe karani, soma ukurasa wa hoja na ukurasa wa wananchi kuongea, kwingine kote ruka.

Hatua ya 8: Siku ya kuongea

Kwanza ujue kuingia ukumbini na kuongea ni vitu viwili tofauti. Uingereza sheria ya 1960 ndo iliyofungulia wananchi na waandishi milango ya vikao vingi, kabla ya hapo baadhi ya mabaraza yalikuwa yanajigeuza kamati ili yafunge mlango, na muswada wenyewe uliletwa na mbunge mpya kabisa aliyeitwa Margaret Thatcher, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu. Lakini haki ya kukaa na kusikiliza sio haki ya kushika maiki. Uliza kama unatakiwa kujiandikisha, kabla ya saa ngapi, na unapewa dakika ngapi. Dakika tatu ni kawaida sehemu nyingi, na tatu ni fupi kuliko unavyodhani, kurasa zangu mbili zingenikatia njiani.

Sema jina na mtaa, sema unachoomba, sema sababu moja yenye namba, rudia unachoomba, kaa chini. Ongea kwa kupitia mwenyekiti hata kama anayekuudhi amekaa mkono wa kushoto. Usitaje jina la mtumishi kwa ubaya, wengi watamkingia kifua na mtaro utasahaulika. Kama mmekuja 20 aongee mmoja au wawili, wengine wasimame tu kuonyesha wapo.

Wakikaa kimya baada ya kuongea usidhani wamekudharau. Kama jambo halimo kwenye ajenda ya siku hiyo inawezekana sheria inawakataza kulijadili, wanaweza kukushukuru na kulipeleka kwa watumishi, basi.

Hatua ya 9: Soma muhtasari kwa jicho la wakili

"Imepokelewa" maana yake karatasi imeingia, hakuna kingine. "Imejadiliwa", waliongea. "Imerejeshwa kamati", ina miezi mingine mbele, fuata kamati. "Imeazimiwa kwamba" ndo neno unalolitaka, na baada yake lazima kuwe na nani atafanya, nini, na lini. Mara nyingi hilo la "lini" halipo. Muhtasari unathibitishwa kikao kinachofuata na hapo ndo makosa yanarekebishwa, kwahiyo uombe mapema, na kama mtaa wako umeandikwa vibaya mwambie diwani asimame siku hiyohiyo. Sisi jina la mtaa liliandikwa la mtaa mwingine kabisa, tusingesoma gari la usafi lingeenda kwa majirani.

Wakikunyima makaratasi uliza sheria ya kupata taarifa za umma inasemaje kwenu. Sweden walikuwa nayo toka 1766, kwahiyo ukiambiwa hilo ni wazo jipya cheka kidogo alafu jaza fomu. Omba kitu mahususi, "ratiba ya usafi wa mitaro ya mwaka huu na orodha ya malalamiko ya mtaa fulani" inajibiwa haraka kuliko "nyaraka zote kuhusu mitaro".

Wiki mbili kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye azimio piga simu kwa injinia, sio kwa diwani, uliza gari linakuja siku gani na kama magari yanatakiwa kutolewa pembeni ya mtaro. Sisi hatukuuliza hilo la magari, wakaja wakasafisha nusu, ile nusu nyingine kuna pikapu ilikuwa imepaki juu yake.

Ya kwangu.